Nuru Inayotaja Jina la Kitu

Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa parokia iliyo karibu na machimbo alikuja kwetu na swali. Wakristu wake wengi ni wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita wakrezeri. Wanachimba jiwe jeusi la kobalti, wanalijaza katika magunia, wanalipeleka depo. Pale mnunuzi anatoa masini ndogo yenye umbo la bunduki fupi, anaielekeza kwenye jiwe, anangoja kidogo, kisha anasoma namba. Namba ile ndiyo teneri, na teneri ndiyo bei. Lakini jiwe lile lile likipelekwa depo ya pili linapata namba nyingine. Wachimbaji wanarudi na hasira, wanamwuliza mwalimu wao: Masini inaona nini ndani ya jiwe ambacho macho yetu hayaoni? Na kama inaona kweli, mbona inasema maneno mawili? Mwalimu hakuwa na jibu. Sisi nasi siku ile tulimjibu nusu nusu tu, tukaona haya.

Ndiyo sababu ya kurasa hizi. Jibu ni refu kidogo, maana masini ile ina babu zake, na baadhi ya babu zake walivaa kanzu kama sisi.

Tuanze na moto wa jikoni. Tupeni chumvi kidogo motoni wakati wa usiku: ulimi wa moto unageuka manjano kali. Chomeni waya wa shaba katika moto usio na moshi: unageuka kijani. Mama zetu wameona jambo la chumvi tangu zamani, kila mara sufuria ilipofurika juu ya makaa. Lakini hakuna mtu aliyejua kwa hakika, mpaka mwaka 1859, kwamba ile manjano ni kama sahihi ya mkono. Katika chumvi kuna elementi iitwayo sodiumu, na popote sodiumu inapowaka, iwe katika moto wa makaa, iwe katika nyota, inaandika sahihi ile ile, wala hakuna elementi nyingine iwezayo kuiiga. Kuigawanya nuru ili kusoma sahihi hizo, ndiyo elimu ya spektroskopi. Ukanda wa rangi unaotokea nuru ikigawanywa tunauita spektra. Ni neno la Kilatini alilolichagua Isaac Newton, na wanafunzi wetu wa Kilatini watatafuta wenyewe linatoka wapi.

Juu ya Newton hatutakawia. Toka mwaka 1666 alikuwa akipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, na mwaka 1672 alitangaza kwamba rangi zote za upinde wa mvua zimo tayari ndani ya nuru nyeupe. Kioo hakiziumbi, kinazitenga tu. Jambo hili kila mtoto wa shule amelisikia. Ila Newton hakuona yaliyojificha kati ya rangi zile, na ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu kuyaona.

Mtu aliyeyaona vema alikuwa yatima. Joseph Fraunhofer alizaliwa mwaka 1787 kule Straubing, katika Bavaria, inchi ya Ujerumani. Alifiwa na baba na mama akiwa bado mtoto, akawekwa mjini München kwa fundi wa vioo, afanye kazi bila mshahara. Bwana yule hakutaka kijana apoteze saa zake katika masomo. Basi mwaka 1801 nyumba ya fundi ikaanguka. Fraunhofer alifukiwa chini ya matofali, wakafukua muda mrefu, wakamtoa mzima. Mtawala wa Bavaria mwenyewe alikuja kutazama, akamhurumia kijana, akampa fedha. Naye akazitumia kununua vitabu na chombo cha kusugulia vioo. Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha vioo cha Benediktbeuern. Tutaje mahali hapa kidogo. Benediktbeuern ilikuwa abasia ya Wabenedikto kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 1803 na kuwatawanya watawa. Kiwanda kiliingia katika majengo yao. Toka mwaka 1930 nyumba ile imekuwa ya Wasalesiani wa Don Bosco, ndugu za wale waliofika Katanga mwaka 1911. Wasomaji wetu waliofundishwa nao watafurahi kujua kwamba elimu hii ina mizizi katika nyumba ya shirika lao.

Fraunhofer hakutafuta siri ya jua. Alitaka tu kutengeneza lenti nzuri za darubini, na kwa kazi hiyo alihitaji kupima sawasawa namna kila kioo kinavyopinda kila rangi. Mwaka 1814 alipopitisha nuru ya jua katika prisma yake bora na kuitazama kwa darubini ndogo, aliona ukanda wa rangi umekatwa na mistari myeusi, membamba, mingi sana. William Wollaston, Mwingereza, alikuwa ameona michache mwaka 1802, akadhani ni mipaka kati ya rangi na rangi. Fraunhofer alihesabu zaidi ya 570. Ile mikubwa aliipa herufi, A, B, C, D, na herufi hizo zinatumika mpaka leo. Aliona pia kwamba mstari wa D, ulio mweusi katika nuru ya jua, unakaa mahali pale pale panapong'aa mstari wa manjano katika nuru ya taa. Kwa nini iwe hivyo? Hakujua, wala hakujidai kujua. Alikufa mwaka 1826, mwenye miaka 39, mapafu yake yakiwa yameharibika.

Hapo tuwataje watu wawili wa Heidelberg, Robert Bunsen mtu wa shimi, na Gustav Kirchhoff mtu wa fiziki. Bunsen alikuwa na taa ya gazi ambayo moto wake karibu hauna rangi, hivyo kitu chochote kikiwekwa motoni kinaonyesha rangi yake yenyewe tu. Kirchhoff alishauri kwamba rangi hizo zisitazamwe kwa macho matupu, bali kwa prisma. Wakaunganisha sanduku, prisma na darubini mbili ndogo. Kwa chombo hiki waliona kwamba kila elementi inatoa mistari yake mahali pake. Wanasimulia kwamba usiku mmoja waliona moto mkubwa unawaka katika mji wa Mannheim, wakaelekeza chombo dirishani, na kutoka mbali namna ile wakasoma sahihi za bariumu na strontiumu katika miali ya moto.

Lakini jambo kubwa kupita yote lilikuwa la mwaka 1859. Kirchhoff alipitisha nuru ya jua katikati ya moto wenye chumvi. Alitegemea kwamba manjano ya moto itajaza mstari mweusi wa D na kuufuta. Kinyume chake, mstari ulizidi kuwa mweusi! Akafikiri, akafahamu: mvuke wa sodiumu unameza rangi ile ile unayoitoa. Ukiwa peke yake unawaka manjano. Nuru yenye nguvu kupita ikija kutoka nyuma yake, unaizuia pale pale, unaacha pengo. Kwa hiyo mistari myeusi ya Fraunhofer ni mapengo yaliyoachwa na mivuke inayozunguka jua. Jua lina sodiumu. Lina chuma vilevile, maana mistari mingi ya chuma ilikutwa mahali pake bila kukosa.

Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1835 Auguste Comte, mwalimu mkubwa wa wale wasiotaka kusadiki ila kile kinachopimwa, alikuwa ameandika kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimefanywa kwa vitu gani. Alikufa mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye jibu lilipatikana. Tunalisema si kwa kumcheka, maana hata wanateolojia wameweka mipaka mahali pasipofaa. Lakini wanafunzi wa filosofia wanaosoma Comte darasani wangefanya vema kuandika mwaka huu 1859 pembeni mwa ukurasa.

Bunsen sasa akawa kama mwindaji. Chombo chake kiliweza kutambua sodiumu hata chini ya sehemu moja katika milioni tatu za miligramu moja, jambo ambalo hakuna mizani ya siku zile iliyoweza hata kulikaribia. Katika maji ya chemchemi ya Dürkheim aliona mistari miwili ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Ili ashike kitu chenyewe mkononi, alichemsha na kukausha maji yale litri 44.000 hivi, akapata gramu saba na kidogo za chumvi ya elementi mpya. Aliiita seziumu, kutoka neno la Kilatini caesius, yaani buluu ya mbingu. Mwaka uliofuata, 1861, mistari mekundu ilimwonyesha elementi nyingine, rubidiumu, kutoka rubidus, nyekundu iliyoiva. Hivyo Kilatini chetu, ambacho wengine wanasema kimekufa, kilibatiza watoto wawili wa shimi. Baada yao, kwa njia hii hii, zilionekana taliumu mwaka 1861 na indiumu mwaka 1863.

Sasa twende Roma, na hapa tutakaa kidogo.

Katika Roma kuna kanisa la Mtakatifu Inyasi, lililokuwa kanisa la chuo cha Wajezuiti, Collegio Romano. Walipolijenga walitaka kuweka kuba kubwa juu yake, lakini kuba haikujengwa kamwe. Ndugu mmoja wa shirika, Andrea Pozzo, aliichora tu kwa rangi, na mpaka leo mgeni akiingia anadanganyika. Nguzo nene zilizotayarishwa kubeba kuba zilibaki bila mzigo. Padri Angelo Secchi, Mjezuiti aliyezaliwa Reggio Emilia mwaka 1818, aliona kwamba nguzo zile, zisizotikisika, zinafaa kabisa kubeba darubini. Basi akajenga nyumba ya kutazamia nyota juu ya kanisa. Chini watu wanasali Misa, juu padri anasoma nyota. Sisi hatujui picha nyingine inayosema vizuri kupita hiyo namna Eklezia inavyoweza kuishi na elimu, lakini tuendelee.

Secchi alikuwa amekwisha onja uhamisho. Mwaka 1848 Wajezuiti walipofukuzwa Roma, alikwenda Stonyhurst katika Uingereza, kisha Georgetown katika Marekani. Aliporudi alipewa kazi ya kuongoza nyumba ya nyota. Toka mwaka 1863 alianza kutazama nyota kwa spektroskopu, usiku baada ya usiku, nyota zaidi ya elfu nne. Wakati huo wengine walichukua nyota moja moja na kuichunguza sana. Secchi aliuliza swali jingine: je, nyota zina kabila? Akaona kwamba ndiyo. Kabila la kwanza ni nyeupe na buluu, kama Sirius na Vega, zenye mistari minene ya hidrojeni. La pili ni manjano, kama jua letu, zenye mistari mingi ya metali. La tatu ni nyekundu, kama Betelgeuse na Antares, zenye mikanda mipana. Mwaka 1868 akaongeza la nne, nyota nyekundu chache zenye alama za kaboni. Majina ya makabila yamebadilika tangu siku zile, na sababu yake, yaani joto la nyota, ilieleweka vema baadaye tu. Ila kazi ya kuzipanga nyota kwa spektra zao ilianza juu ya paa lile la kanisa.

Halafu ikaja tarehe 20 septemba 1870, majeshi ya Italia yakaingia Roma. Mwaka 1873 sheria ya kufunga nyumba za watawa ikafika mjini. Ndugu zake walitolewa chuoni, lakini Secchi aliachwa na darubini zake, kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa Ulaya nzima na serikali iliona aibu kumtupa nje. Fikirini hali yake: padri mwaminifu kwa Papa, akilala katika nyumba iliyonyang'anywa, akifanya kazi pamoja na watu wa elimu wa ile serikali. Maana mwaka 1871 yeye na Pietro Tacchini walianzisha chama cha wataalamu wa spektroskopi wa Italia, chenye gazeti lake. Padri aliyeonewa na serikali na mtu wa serikali waligawana kazi ya kuchora jua kila siku. Wengine upande wa Eklezia walinung'unika. Wengine upande wa pili vilevile. Secchi alikufa tarehe 26 februari 1878. Mwaka uliofuata serikali ikachukua nyumba yote.

Tusidhani lakini kwamba kila mstari mpya ulikuwa elementi mpya. Katika kupatwa kwa jua tarehe 18 agosti 1868 Mfaransa Jules Janssen, aliyesafiri mpaka Guntur katika India, aliona ndimi za moto ukingoni mwa jua zikitoa mistari inayong'aa. Na mwaka ule ule Norman Lockyer kule Uingereza alichunguza mstari wa manjano ulio karibu na ule wa sodiumu lakini si wenyewe. Akaona ni elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heliumu, kutoka jina la Kigiriki la jua. Wengi walimcheka kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata London, ndani ya jiwe la uraniumu, ndugu ya jiwe la Shinkolobwe. Lockyer alikuwa na haki. Lakini mwaka 1869 wengine waliona mstari wa kijani katika taji la nuru linalozunguka jua, wakafuata mfano wake, wakasema: hii nayo ni elementi mpya, tuiite koroniumu. Miaka zaidi ya sabini watu waliitafuta. Mwishoni, toka mwaka 1939 mpaka 1943 hivi, Grotrian na Edlén walionyesha kwamba ni chuma tu, chuma cha kawaida kilichonyang'anywa elektroni zake 13 na joto la zaidi ya milioni moja ya digri. Njia ile ile, hoja ile ile; mara ya kwanza kweli, mara ya pili kosa.

Marie na Pierre Curie walijua hatari hiyo. Mwezi wa saba 1898 walipotangaza poloniumu, walikiri wazi kwamba rafiki yao Eugène Demarçay hakuona mstari mpya wowote katika spektra yake, na kwamba jambo hilo linapunguza nguvu ya neno lao. Mwezi wa kumi na mbili walipotangaza radiumu, Demarçay alikuwa ameona mstari. Baada ya hapo watu wa shimi walianza kusadiki. Na toka mwaka 1922, Ubelgiji ilipoanza kutoa radiumu katika jiwe la Katanga, radiumu nyingi ya ulimwengu ilitoka katika udongo wetu.

Eklezia haikuishia kwa Secchi. Papa Leo XIII aliisimamisha tena nyumba ya nyota ya Vatikano mwaka 1891, na katika miaka ya 1930 ikahamia Castel Gandolfo, kwa sababu taa za Roma zilikuwa zimeharibu usiku. Huko Mjezuiti Mwaustria, Padri Alois Gatterer, alifungua chumba cha kazi kwa ajili ya spektra za metali. Alichoma metali kati ya ncha mbili za umeme, akapiga picha ya nuru, akapima mistari, metali moja baada ya nyingine. Pamoja na Padri Josef Junkes alitoa vitabu vikubwa vya picha za mistari ile ya mwisho inayobaki wakati elementi imekuwa kidogo sana. Mtu wa kiwanda au wa machimbo aliyetaka kujua kama kuna germaniumu kidogo katika zinki yake, aliweza kulinganisha picha yake na ile ya mapadri. Mwaka 1939, mwaka wa vita, Gatterer alianzisha pale gazeti la elimu hii, Spectrochimica Acta. Linachapwa mpaka leo, sasa kwa mikono ya watu wa dunia, katika sehemu mbili, na wachache wanaolisoma wanajua kwamba lilizaliwa nyumbani kwa Papa.

Tuje kwa padri mwingine, wa Ubelgiji, kwa sababu habari yake inawagusa wote wanaohubiri. Kuanzia mwaka 1912 Vesto Slipher, kule Arizona katika Marekani, alikuwa amepima spektra za mawingu yale ya nyota yaliyo mbali sana. Karibu zote mistari yake haikukaa mahali pake. Ilikuwa imesogea upande wa nyekundu, jambo linaloonyesha kwamba yanatukimbia. Padri Georges Lemaître, aliyepadrishwa mwaka 1923 na mwalimu wa Leuven, ile yuniversite iliyozaa Lovanium yetu mwaka 1954, aliandika mwaka 1927 kwamba mawingu hayakimbii ndani ya ulimwengu: ulimwengu wenyewe unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble alitoa vipimo vyake. Mwaka 1931 Lemaître akaendelea mbele, akasema kama unatanuka leo, basi zamani ulikusanyika kama katika atomu moja ya kwanza. Mwaka 2018 chama cha ulimwengu cha wataalamu wa nyota kilipiga kura ili sheria ile iitwe kwa majina yao wawili, Hubble na Lemaître.

Sasa, tarehe 22 novemba 1951, Papa Pio XII aliwahutubia watu wa akademia yake ya elimu, akasema kwa furaha kana kwamba elimu ya siku hizi inashuhudia saa ile ya kuumbwa kwa ulimwengu. Wakristu wengi walishangilia. Padri Lemaître hakushangilia. Kwa maoni yake, mwanzo anaousoma mtu wa fiziki katika mistari iliyosogea, na kuumbwa anakokufundisha Eklezia, si jambo moja, na nadharia yake ilikaa nje ya maswali ya dini: mwenye kumkana Mungu anaweza kuipokea, na mwenye kusadiki anaweza kuikataa. Aliomba, pamoja na Padri O'Connell wa nyumba ya nyota ya Vatikano, kwamba neno lile lisirudiwe. Mwezi wa tisa 1952 Papa alipowapokea wataalamu wa nyota wa ulimwengu, hakurudia.

Hapo Lemaître alikuwa pamoja na Mtakatifu Toma, aliyefundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Tunalijua kwa imani. Tunawaandikia hili hasa waalimu na mapadri vijana, kwa sababu tumesikia, na sisi wenyewe tulipokuwa vijana tulihubiri, kwamba fiziki imethibitisha sura ya kwanza ya Mwanzo. Koroniumu nayo ilikuwa imethibitishwa.

Juu ya uganga tuseme kidogo tu. Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler alionyesha mikanda myeusi ambayo damu inaiacha katika nuru, na mwaka 1864 George Stokes alionyesha kwamba mikanda inabadilika damu ikikosa oksijeni. Kibanio kile kidogo ambacho muuguzi anakiweka kidoleni mwa mgonjwa ni mjukuu wa kazi hii: kinapitisha nuru mbili, moja nyekundu na moja isiyoonekana, kinahesabu zimemezwa kiasi gani. Lakini kina upofu wake. Mtu aliyelala chumbani na mbabula ya makala, damu yake ikajaa sumu ya moshi, kibanio kinaweza kusema yuko salama naye anakufa. Na mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Wenye zahanati za parokia walijue hili.

Na bunduki ya depo? Babu yake wa karibu ni Henry Moseley, kijana Mwingereza. Mwaka 1913 na 1914 alichunguza si nuru ya macho, bali mionzi X inayotoka katika metali zikipigwa na elektroni. Aliona kwamba mistari yao inapanda ngazi kwa utaratibu, hatua moja kwa kila elementi, na kwamba namba ya ngazi ndiyo namba halisi ya elementi. Kwa uzito, nikeli ingetangulia kobalti; kwa mionzi yake Moseley alionyesha kwamba kobalti ni 27 na nikeli ni 28. Hivyo kobalti, iliyo leo mkate na kilio cha watu wetu wa Kolwezi, ilipata kiti chake kwa spektroskopi. Moseley aliuawa vitani, Gallipoli, mwezi wa nane 1915, mwenye miaka 27.

Masini ya mnunuzi inatuma mionzi X ndani ya jiwe. Kila metali inajibu kwa mionzi yake. Masini inapanga majibu na kuyahesabu. Haisemi uongo. Lakini inasoma ngozi ya jiwe tu, chini ya milimeta moja, wala haijui kilichomo katikati ya gunia. Jiwe likiwa na maji, jibu linapungua. Tena chuma, chenye namba 26, ni jirani wa kobalti: mstari wa pili wa chuma unaangukia karibu kabisa na mstari wa kwanza wa kobalti, na masini isiyopimwa vema inaweza kuwachanganya katika jiwe lenye chuma kingi. Kwa hiyo lazima mara kwa mara ijaribiwe juu ya unga ambao teneri yake inajulikana. Mtu anayechagua jiwe lipi lielekezewe, anayeacha kulikausha, au anayekataa kujaribu masini yake mbele ya watu, huyo ndiye wa kuulizwa, si mionzi.

Tulimwandikia mwalimu maswali ya kupeleka depo. Je, jiwe limesagwa na kuchanganywa kabla ya kupimwa, au ametazama kipande kimoja? Limekaushwa? Wachimbaji wanaweza kuona masini ikijaribiwa juu ya unga wa mfano, na namba ikisomwa kwa sauti? Inaweza kusoma fungu lile lile mara tatu? Aliyasoma mbele yetu, akaomba nakala nne, maana kuna machimbo manne katika parokia yake.